Siku nne Arusha hadi Engare Sero, na sanduku la mjomba

Nimerudi wiki mbili sasa, na watu watatu wameshaniuliza swali lile lile: RAV4 ya zamani inafika Ziwa Natron? Inafika. Yangu ilifika na ikarudi, kwa msaada wa kipande cha sabuni, kipande cha ubao, soketi ya watu na mpira wa bodaboda. Haya nimeyaokota kwenye daftari la matumizi, kwenye picha za simu, na kwa Baraka, mtoto wa kaka yangu, ambaye ana miaka 14 na hasahau aibu ya mtu.

Sababu ya safari: Neema, niliyesoma naye ualimu, anafundisha Engare Sero, kijiji kilicho kando ya ziwa hilo. Alijifungua mwezi wa saba, nikamwahidi nitakwenda kumpa hongera kabla mtoto hajaanza kukaa. Tulikwenda mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi. Masika usijaribu kwa gari kama langu. Yale makorongo mnayoyaona kwenye picha yakiwa makavu hugeuka mito, na sehemu nyingi hakuna daraja.

Alhamisi jioni, nyumbani Sakina, Arusha

Nilikuwa na begi jekundu. Nililinunua mjini kwa shilingi 85,000, nje limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni la dharura, na ndani kila kitu kimelala kwenye mfuko wake wa nailoni: pembetatu ya kuakisi, kizibao cha njano, kamba ya kuvutia gari, nyaya za kubusti betri, glovu, kisanduku cha huduma ya kwanza. Kwa miezi minane lilikaa kwenye buti na sikuwahi kulifungua zipu. Nilijiona dereva makini kweli.

Mjomba alifika kutoka Usa River saa kumi na mbili jioni, kabeba sanduku la mbao lililofungwa kwa waya. Miaka yake ya kazi ameendesha malori ya mizigo, Arusha kwenda Singida na kurudi, enzi ambazo njia ya Babati ilikuwa vumbi tupu. Goti ndilo lililomstaafisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Hebu nione hilo begi lako."

Akatoa nyaya za betri, akabonyeza plastiki kwa ukucha, akaikwangua kidogo mwishoni. Plastiki nene, shaba ndani nyuzi za kuhesabu. "Hizi ni waya za redio," akasema, akazirudisha taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa. Kamba ya kuvutia akaizungusha kwenye kiganja, akatabasamu, hakusema kitu. Kisha akauliza kama jeki ya gari nimewahi kuitumia. Nikasema hapana, nikipata pancha huwa niko mjini, naita fundi.

"Basi huna jeki."

Sanduku lake Baraka alilipiga picha kabla halijafungwa, kwa hiyo naandika nikiitazama. Kuna ubao wa mninga wa kama futi moja na nusu, mweusi kwa oili ya miaka. Bomba la chuma la kuongezea urefu wa mpini wa spana. Spana namba 10, 12, 14 na 17, ambazo kwa Toyota zinakutosha karibu kila mahali. Plaizi, bisibisi mbili, panga fupi, koleo lililokatwa mpini. Waya wa kufungia, umeviringwa kama kitumbua. Tepu nyeusi ya umeme. Kopo la dawa ya kifua lililojaa fyuzi badala ya dawa. Vifaa vya kuzibia pancha za tairi lisilo na tyubu: msumari wenye mpini, sindano yake, na nyuzi za kahawia zinazonata. Na nusu mche wa sabuni ya kufulia, kavu, imefungwa kwenye gazeti.

"Ya kuogea, babu?" Baraka akauliza.

"Ya tangi." Akamweleza: jiwe likitoboa tangi la mafuta, unachukua sabuni kavu, unaisugua na kuisindika kwenye ufa hadi ijae. Petroli haiiyeyushi. Itakufikisha gereji. Baraka akaandika kwenye simu yake.

Tulikubaliana kuijaribu jeki usiku ule ule, tuvue tairi moja na kulirudisha, tuone. Chakula kikaiva, umeme ukakatika, tukalala.

Ijumaa: Arusha – Makuyuni – Mto wa Mbu

Petroli lita 45, kama shilingi 130,000. Tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa tatu kasoro. Njia hadi Makuyuni ni lami nzuri, kama kilomita 80, haina hadithi isipokuwa tochi za trafiki. Kwenye makazi ni 50. Wewe nenda 50.

Kabla ya Makuyuni tulisimamishwa. Trafiki kijana, mpole. Leseni akaiona, bima akaiona.

"Mtungi wa kuzimia moto, dada? Na pembetatu?"

Vyote ninavyo. Vipo kwenye buti, chini ya gunia la mchele kilo 25, chini ya beseni lenye khanga na nguo za mtoto, chini ya dumu la maji la lita 20 na turubai la mjomba. Tukaanza kushusha. Mchele pembeni ya barabara, beseni juu ya mchele, Baraka kashika ndoo. Ilituchukua kama dakika kumi. Kijana yule akasubiri mikono nyuma, na mtungi ulipotoka akautazama mshale ulio kwenye rangi ya kijani, akaridhika, akanirudishia.

"Gari likiwaka, utaanza kwa kushusha mchele?"

Mjomba alicheka hadi Makuyuni. Faini ni 30,000 kwa kosa na yule kijana hakuniandikia hata moja, kwa sababu vifaa vilikuwepo. Lakini tangu hapo mtungi unakaa chini ya kiti cha abiria wa mbele, umefungwa usiviringike ukaingia kwenye pedeli. Pembetatu na kizibao viko mfuko wa nyuma ya kiti. Kwa kweli ukitaka kujua kama umepanga gari vizuri, jiulize utafikia nini bila kushusha kitu.

Mbele kidogo tukakuta matawi barabarani, halafu lori limeinamia upande. Matawi mnayajua, ndiyo pembetatu ya nchi hii. Sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni mawe. Lori lile tulilikuta linaondoka, tandiboi amekwisha kuruka ndani, na mawe matatu ya kuzuia magurudumu yamebaki katikati ya njia. Mjomba akaniambia nisimamishe. Akashuka na goti lake bovu, akayasukuma mtaroni moja moja. "Usiku hapa anapita mtu na pikipiki," akasema alipopanda.

Makuyuni: chai na chapati za watu watatu, 6,000. Mto wa Mbu tulifika mchana, ndizi nyekundu zimetundikwa kila kibanda. Tukanunua chana moja, na nawaomba mkumbuke hiyo chana.

Tuliamua kulala hapo ili njia mbaya tuianze alfajiri. Vyumba viwili, 25,000 kila kimoja, maji ya baridi, chandarua kizima. Jioni mjomba akanipeleka kwa fundi pancha, si kwa pancha, bali tairi la spea lipimwe. Lilikuwa na upepo 12. Linatakiwa 32. Yaani nimetembea na tairi la mapambo kwa sijui muda gani. Fundi akalijaza kwa shilingi 1,000, akapaka mate kwenye pua ya valvu kuona kama inavuja, haikuvuja.

Mafuta jazeni Mto wa Mbu mpaka juu. Mbele ya hapo petroli ni ya chupa, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Nilitaka kubeba dumu la akiba ndani ya gari, mjomba akakataa katakata: mvuke wa petroli kwenye gari lililofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi, na watu ndani, ni kutafuta balaa. Kwa gari hili tangi lililojaa lilitutosha.

Jumamosi: Mto wa Mbu – Selela – Engaruka – Engare Sero

Lami ilipoisha mjomba akaniambia nisimame, akapunguza upepo wa matairi yote manne hadi 24. Tairi laini kidogo linakumbatia jiwe, gumu linapambana nalo. Ukifanya hivyo uwe na pampu ya kurudishia upepo na geji ya kupimia, na mwendo uwe mdogo. Usishushe upepo halafu ukakimbia 80.

Njia ni migongo ya bati, kisha vumbi laini kama unga wa muhogo, kisha mawe, kisha unarudia tena. Zaidi ya kilomita 100 za hivyo. Vizuizi vya ushuru vya halmashauri vipo vitatu, kwa sababu unapita wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro. Mwenyeji na mgeni wa nje hawalipi sawa. Bebeni noti ndogo ndogo na mdai risiti. Selela tuliipita ikiwa bado usingizini, Engaruka tulisimama kunywa soda. Magofu ya mji wa kale wa wakulima, wenye mifereji ya kumwagilia, sikuyaona. Nimeyaahidi safari nyingine.

Kama saa tano, mbele ya Engaruka, tukalisikia. Si mlipuko. Ni pumzi ndefu, kama mtu aliyekata tamaa. Tairi la nyuma kushoto, na jiwe jeusi la volkano lenye ncha bado limekaa ndani.

Mjomba akaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele. Akasema nati zilegezwe kwanza tairi likiwa chini, maana likiwa juu linazunguka tu. Nikachukua spana ya gari, nikaielekeza kwenye nati. Haikuingia.

Rimu zangu si za kiwandani. Nilizinunua za mtumba miaka miwili iliyopita kwa sababu zinang'aa. Nati zake zimezama kwenye matundu membamba, na spana iliyokuja na gari ni nene, inagonga ukingo wa tundu na kukataa. Spana ya msalaba ya mjomba nayo ikakataa. Fundi aliyezifunga alitumia soketi yake nyembamba, akabaki nayo, na mimi nikalipa nikaondoka nikijitazama kwenye vioo vya maduka.

Mjomba alikaa juu ya sanduku lake kimya. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mtandao hakuna. Jua limesimama. Tukafunga turubai toka kwenye mlango hadi mti wa mgunga, tukakaa chini yake. Mama mmoja wa Kimasai akapita na punda wawili wenye madumu.

"Takwenya, yeyo," mjomba akamsalimia.

"Iko." Akatazama tairi, akatazama mtoto, akauliza kwa Kiswahili kama tuna maji. Tukasema tunayo. Akauliza tena, kana kwamba mara ya kwanza tulijibu kwa adabu tu. Baraka akamwonyesha dumu. Ndipo akaridhika, akaenda zake. Mtu anayefuata maji kwa punda alikuwa tayari kutugawia ya kwake.

Baada ya saa moja na dakika arobaini likaja Fuso kutoka upande wa ziwa. Dereva hakungoja hata tumpungie, akasimama. Nikamweleza habari ya nati huku nikiona haya. Tandiboi wake akapanda nyuma, akapekua kwenye ndoo, akashuka na soketi namba 21 iliyosagwa pembeni kwa mashine hadi ikawa nyembamba. Ikaingia kama ufunguo wa mlango wake. Nati mbili zilikuwa zimekazwa kwa nguvu za mashine; mjomba akavika bomba lake kwenye mpini, akaegemea kwa uzito wa mwili, zikalia na kuachia.

Kisha jeki. Ni ile ya mkasi, mguu wake mdogo kama sahani ya kikombe. Nikazungusha, na badala ya gari kupanda, jeki ikazama kwenye vumbi. Ubao wa mninga ukaingia chini yake, nikaanza upya, gari likapanda. Tairi bovu tukalisukuma chini ya gari, pembeni ya jeki, ili jeki ikiteleza gari lisimwangukie mtu. Mjomba alikazania hilo kuliko kitu kingine chochote. Nati tukazirudisha kwa kuruka, moja kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka duara.

Dereva wa Fuso alikataa hela. Akachukua ndizi nyekundu nne. "Dada, ukifika mjini nunua soketi yako," akasema. "Haifiki hata elfu kumi."

Wao wakaenda, sisi tukabaki na tairi bovu bila spea nyingine. Tundu lilikuwa kwenye sehemu ya kukanyagia, si ubavuni, kwa hiyo linazibika. Hapa Baraka alipata kazi ya kiume, kama anavyoiita. Akasafisha tundu kwa ule msumari, akapitisha uzi unaonata kwenye sindano, akasukuma, akavuta. Uzi mmoja haukutosha, akaweka wa pili. Mjomba akakata kipande cha sabuni ya tangi, akakiloweka kwenye maji kidogo, tukapaka juu ya tundu baada ya kujaza upepo. Povu halikuchemka. Sabuni ile ile.

Wakati wa kujaza, pampu yangu ya umeme ilizimika katikati. Nilikuwa nimechomeka pampu na chaja ya simu kwenye tundu moja la sigara, kwa kile kigawanyio cha mtumba. Fyuzi. Mjomba akafungua kopo la dawa ya kifua, akatoa ya bluu, ya 15, sawasawa na iliyoungua. Aliwahi kuona gari likiteketea kwa sababu mtu alifunga ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Kwa hiyo: fyuzi za akiba za kila namba, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, na usipandishe namba ili mambo yaende.

Tulifika Engare Sero saa kumi na moja jioni, wote tumekuwa rangi moja, rangi ya jivu. Mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, umesimama kushoto, mtupu, na michirizi myeupe kama mtu kaumwagia uji. Neema alitoka nje na mtoto begani, akatucheka kabla ya kutusalimia.

Jumapili: Engare Sero

Joto la huko si la kusimuliwa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, ziwani ni kama 600, na tofauti yote unaibeba kichwani. Tuliondoka nyumbani na maji lita 20 ya watu watatu tukidhani ni mengi. Yalibaki lita sita. Kwa eneo hilo weka lita tano kwa mtu kwa siku, na ya gari uyatenge.

Tulimbeba mtoto kwa zamu, tukala wali na mbuzi, jioni tukaenda hadi karibu na ziwa. Heroe kwa mbali, mstari wa waridi unaotetemeka. Zaidi ya hapo ni tope la magadi, na gari usilipeleke huko hata ukiona alama za matairi ya wenzako.

Baraka alikuwa amekaa garini mchana mzima, mlango wazi, redio inaimba, simu tatu kwenye chaja. Jioni nikageuza ufunguo: tik. Basi.

Dereva wa gari la watalii aliyepiga kambi jirani akaleta Land Cruiser lake karibu. Nikatoa nyaya zangu kutoka begi jekundu kwa sababu nilitaka zisaidie, angalau mara moja. Nikawasha, starta ikagugumia, na ndani ya nusu dakika ikaja harufu ya plastiki ikiiva. Mjomba akazivuta kwa kitambaa. Dereva yule hakusema neno, akaleta zake, nene kama kidole gumba. Chanya kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho si kwenye betri yangu bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, maana hapo huruka cheche. Likaitika mara moja. Nilimpa soda mbili za moto, akazipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu: kurudi

Tulitoka saa kumi na mbili kamili, safari hii kweli. Kabla ya kuondoka mjomba alifungua ea klina, kile kichujio cha hewa ya injini, akaikung'uta kwenye jiwe. Likatoka vumbi la kujaza kikombe. Nati za tairi tulizobadilisha akazipitia tena kwa spana ya jirani wa Neema. Mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Tulipita Engaruka bila neno. Kabla ya Selela nikasikia harufu tamu, kama sharubati inayoungua, na mshale wa joto ukawa unapanda. Nikasimama hapo hapo, penye kona, sikutafuta kivuli. Mvuke ukatoka pembeni ya boneti. Baraka akavaa kizibao cha njano akaenda kuweka pembetatu hatua 60 nyuma, kabla ya kona, na nakiri hapo begi jekundu lilifanya kazi yake.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto. Nilikuwa najua, ila mkono wangu ulikuwa tayari umekishika kwa kitambaa, mjomba akaupiga kofi kama mkono wa mtoto anayedokoa nyama. Tulikaa dakika 45. Ndipo tukaona: hozi ya juu imepasuka karibu na klipu, ufa mfupi wa kucha. Ile migongo ya bati ya njia ilimaliza kazi iliyoanzwa na uzee.

Tepu nyeusi ilikataa. Mpira una maji, una kulanti ya kupozea injini, una joto, tepu inateleza tu. Mjomba akatazama sanduku lake, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana jibu. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kipande cha tyubu.

Kijana wa bodaboda akaja na kreti mbili za soda nyuma, zimefungwa kwa ile mipira mirefu inayokatwa kwenye tyubu za magari. Akasimama, akachungulia chini ya boneti, hakuuliza swali hata moja. Akafungua mpira mmoja kwenye kreti, akaukung'uta vumbi kwenye paja, akampa mjomba. Kreti zake akazifunga upya kwa ule mmoja uliobaki, akazitikisa kuona kama zitafika.

Mjomba akaikausha hozi kwa shati lake. Akaanza kama kiganja kimoja kabla ya ufa, akauvuta mpira hadi ukawa mwembamba, akazungusha, kila mzunguko ukilala juu ya nusu ya uliotangulia, akapita ufa, akarudi, akapita tena. Juu yake akakaza waya wa kufungia kwa plaizi. Katika kukata waya akajichana kidole. Nikafungua kisanduku cha huduma ya kwanza: plasta zote zimekauka gundi kwa joto la buti, haziwezi kushika hata karatasi. Bandeji ya kufunga ilikuwa nzima, tukatumia hiyo na tepu ya umeme. Dawa na plasta zikae kwenye begi la mkononi, zibadilishwe kila mwaka.

Maji lita nne tukamimina polepole injini ikiunguruma. Kifuniko mjomba hakukikaza hadi mwisho, ili mvuke usisukume kwa nguvu zote. AC tukazima, hita tukawasha hadi mwisho, madirisha wazi. Hita inaivuta sehemu ya joto la injini na kuwapa ninyi. Mwendo 40, tukisimama kila kilomita 15 kutazama. Baraka alilalamika kwamba anachomwa kama mahindi. Mto wa Mbu hozi ya aina yangu haikuwepo, tukaongeza maji, tukaendelea. Sakina tuliingia saa tatu usiku.

Petroli jumla ilikuwa kama 215,000 kwa safari nzima.

Baadaye

Soketi nyembamba namba 21 nimenunua, 8,000, duka la vipuri mjini, nikaijaribu kwenye nati zote 20 nikiwa nimesimama nje ya duka, watu wakinitazama. Nyaya za betri mpya zilinitoka 45,000 na sijutii. Kamba ya kuvutia nimebadilisha pia. Kipande cha ubao alinikatia fundi seremala wa jirani bure. Jumamosi iliyopita mimi na Baraka tulivua tairi moja uani na kulirudisha: dakika 34, tukiwa tumegombana mara mbili. Yeye anasema 31.

Hozi ilibadilishwa gereji Jumatano, 35,000 pamoja na kulanti. Fundi alikata waya, akaufungua ule mpira mzunguko kwa mzunguko, akautupa sakafuni kwenye oili. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi. Akainuka, akauokota, akauosha bombani kwa sabuni yake ya tangi, akauanika kwenye mlango wa gari hadi ukauke. Kisha akaukunja, akauweka sandukuni, kati ya ubao na kopo la fyuzi.